Kiti cha Upande wa Kushoto

Ndugu, jamaa na majirani, mzee wetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1952, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akajulikana kwa kuona kosa ubaoni kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Tuseme ukweli, walimu hawakumpenda sana.

Mwaka 1973 aliajiriwa na kiwanda cha soda kama mkaguzi wa chupa. Miaka thelathini na minne alikaa mbele ya taa nyeupe, chupa zikipita, yeye akitoa zenye nyufa. Wenzake wakamwita Bwana Ufa. Siku moja binti wa kitengo cha lebo alipita mbele yake mara tatu na gauni jipya jekundu. Bwana Ufa akaapa kwamba hakuna mtu aliyepita. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, na mkewe hutania hadi leo kwamba angekuwa na ufa angeonekana mapema.

Tarehe 3 Mei 2021 alipatwa na kiharusi. Daktari alieleza kwamba macho ni mazima, ila ubongo ndio unaoyachagulia la kuona, na wa mzee ulikuwa umeusahau upande wa kushoto. Akawa ananyoa nusu ya ndevu, anakula nusu ya sahani na kulalamika kapunjwa. Mkono wake wa kushoto aliuliza ni wa nani. Kwa kuwa daktari alishauri aongeleshwe kutokea upande huo, mkewe aliweka kiti kushoto mwa kitanda, akakaa hapo miezi kumi na minane kamshika mkono. Na kila siku mzee aliuliza, "Mke wangu kaenda wapi?" Iliuma, jamani. Alichotaka mama wa watu ni kuonwa, hata mara moja tu.

Asubuhi ya tarehe 17 Novemba 2022 mkewe alitoka kidogo kuchukua maji. Aliporudi alimkuta amegeuza shingo kushoto, anakitazama kiti kitupu, anatabasamu.

"Kumbe siku zote ulikuwa hapa," alikiambia kiti, "na gauni lako jekundu."

Mkewe akamwita kutoka mlangoni, upande wa kulia, ule aliokuwa akiuona vizuri. Hakugeuka. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali kuondoka, akakata roho.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Kiti bado kiko pale pale. Juzi tulimwomba mama akae apumzishe miguu, akakataa, akasema kina mwenyewe.

Lala kwa amani, Bwana Ufa.