Mama Verna na Asubuhi ya Kwanza ya Oktoba

Wapendwa wenzangu wa karakana, na ninyi mliostaafu kabla yetu ambao jarida hili huwafikia kwa posta, nawasalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo? Vipi magoti, vipi presha, vipi wajukuu? Sisi huku Tamarack Bend tu wazima. Majani ya miti yameanza kuwa mekundu, baridi ya asubuhi imeanza kuuma masikio, na kaunta imeanza kujaa wanaume wanaojifanya wamepita tu kusalimia, kumbe macho yao yako kwenye pinde.

Nimepewa kazi ya kuandika habari za Verna Haapala, fundi wetu wa mishale na kamba za pinde, ambaye atastaafu Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024, baada ya miaka arobaini na mitatu katika Karakana ya Pinde ya Kestila. Niliambiwa niandike nusu ukurasa. Nisameheni mapema.

Verna aliajiriwa Aprili 1981 na marehemu Mzee Onni Kestila, mwanzilishi wetu. Hakuajiriwa kuwa fundi. Aliajiriwa kufagia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika kufagia aliona mishale mingi imetupwa kwenye pipa kwa sababu imepinda. Akawa anaichukua mmoja mmoja, anaupasha juu ya jiko la umeme, anaukandamiza kwa kiganja, anauzungusha juu ya ukucha wa kidole gumba kusikiliza kama unatetemeka. Wiki ya tatu Mzee Kestila akamkuta na mishale kumi na miwili iliyonyooka. Akaenda nayo nyuma ya karakana, akaipiga yote kwenye robota la majani makavu, akarudi na kumnyang'anya ufagio mkononi. "Huu nipe mimi," alisema. Na kweli, tangu siku hiyo hadi alipoitwa na Bwana, Mzee Kestila alifagia karakana yake mwenyewe.

Waliokuja juzi hawajui siku hizo zilivyokuwa. Upinde ulikuwa mti, gundi na kamba, basi. Mishale ilikuwa ya mwerezi, ukifungua boksi jipya karakana nzima inanukia kama sanduku la nguo za bibi. Verna alikuwa anapaka rangi kwa mkono, pete nyekundu mbili na nyeupe moja karibu na manyoya, na kila mteja wa zamani alikuwa na mpangilio wake wa pete ambao Verna aliukumbuka bila kuuandika popote. Kamba ilipakwa nta ya nyuki mpaka vidole vinang'aa. Mtu alikwenda porini na koti la sufu la miraba myekundu, tufaha mfukoni, chupa ya kahawa, na ndoo ya kupindua ili aikalie. Hapakuwa na kamera za kufunga kwenye miti wala simu ya kukuambia upepo unatoka wapi. Ulilowesha kidole ukakiinua. Ukirudi mikono mitupu, ulirudi umeona mawio ya jua na umesali, nayo haikuwa hasara.

Sisemi kwamba watu walikuwa na akili zaidi. Mnamkumbuka Mchungaji Lindgren na kichupa chake? Wawindaji wetu hupaka mkojo wa mbweha kwenye buti ili kulungu asinuse harufu ya mtu. Mchungaji alikuwa na kichupa hicho kwenye koti lake la kuwindia, na Jumapili moja ya Novemba, kwa baridi, akalivaa koti hilohilo kuja kanisani. Akaketi, akakikalia kichupa, kikapasuka. Kufikia wimbo wa pili viti vitatu vya mbele vilikuwa vitupu, na mzee wa kanisa anakagua nyayo za viatu vyake kama amekanyaga kitu. Verna peke yake alibaki mbele, leso puani, mabega yanatikisika. Baada ya ibada alilichukua lile koti, akalizika ndani ya pipa la maranda ya mwerezi kwa wiki mbili. Lilirudi safi. "Mchungaji," alikuwa amemwambia Jumapili ile, "leo kulungu wote wa wilaya wangekuja kuabudu."

Halafu kuna Wendell Rasku, ambaye leo ndiye mkuu wa kona ya pinde za magurudumu, zile za kisasa zenye vigurudumu kwenye ncha, na ambaye anajidai hajawahi kufanya kazi ya manyoya. Nawaambia alifanya. Alikuja mwaka 1994 na Verna akapewa amfundishe. Manyoya ya mshale hutoka kwenye bawa la bata mzinga, na kila fundi anajua kwamba ya bawa la kushoto hupinda upande mmoja na ya kulia upande mwingine, na hayachanganywi kwenye mshale mmoja hata siku moja. Wendell alichanganya. Aligundisha mishale sabini na miwili kwa siku tatu, akaipanga vizuri mezani kama keki za harusi. Verna alichukua mmoja akaupiga, na mshale ule ukaenda hewani kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Umeona?" Verna akauliza.

"Labda upepo, mama."

"Upepo. Haya, chukua kisu, ukwangue upepo wote kwenye hiyo mingine sabini na mmoja."

Alikwangua hadi Ijumaa. Mwaka uliofuata zilipowasili pinde za magurudumu zenye mishale ya manyoya ya plastiki, Wendell alihamia kona ile mbio, na tangu hapo wawili hawa wametaniana kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na tisa. Yeye humwita Verna "Safina ya Nuhu." Verna humwita "fundi baiskeli."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa tarehe moja Oktoba. Siku hiyo, saa kumi na moja alfajiri, nje ya mlango wetu huwa kuna foleni ya watu ambao kamba zao zimekatika jana yake, kwa sababu walikaa miezi kumi na moja bila kuziangalia. Mtu wa kuwatengenezea ni Verna. Kwa hiyo katika miaka arobaini na mitatu, Verna ambaye amewapeleka porini baba zenu na ninyi, yeye mwenyewe hajawahi hata mara moja kuwa porini asubuhi ya kwanza. Alikuwa akienda wiki ya pili, kulungu wakiwa tayari wameshashtuka. Hakulalamika. Ila alipoulizwa anataka kustaafu lini, alisema Septemba 30, wala si siku moja baadaye, na kila mtu alijua kwa nini.

Januari akateleza kwenye barafu uani kwake, akachana msuli wa bega la kulia. Akapasuliwa. Daktari alimwambia bega litapona la kubebea kuni, la kufagilia, la kukumbatia watu. La kuvutia upinde unaotaka nguvu ya ratili arobaini na tano, huo upinde wake ambao Mzee Kestila alimtengenezea mwaka 1983, hakuahidi.

Nilikuwa naye siku aliporudi kazini Machi. Wendell alikuwa amemwekea zawadi juu ya meza: upinde mpya wa magurudumu, umelegezwa kabisa.

"Mama Verna, huu hata paka anauvuta."

"Basi mpe paka, Oktoba akuletee nyama."

"Nasema kweli, mama. Sitanii leo. Chukua, uende porini."

Verna alishika mkono wa Wendell, na hilo hatukulizoea. "Najua hutanii, mwanangu. Lakini nikienda asubuhi ile, nataka niende na wangu."

Akaanza upya kama mwanafunzi. Kila siku saa nne, wakati wa kahawa, alitoka nyuma na upinde wa kujifunzia wa ratili kumi na tano, akavuta mara kumi akiwa anasema Baba Yetu kwa Kifini ili asihesabu maumivu. Mei alifika ishirini na tano. Julai, thelathini na nane. Agosti akafika arobaini na moja, na hapo bega likagoma. Wiki tatu hakusogea. Tena Verna ana sharti lake alilowafundisha wateja wote: chini ya ratili arobaini kulungu hapigwi, kwa sababu mshale dhaifu humwacha kiumbe wa Mungu akiteseka vichakani. Kwa hiyo alikuwa na nafasi nyembamba sana, ratili moja tu, na upinde wake wa arobaini na tano ulikuwa mbali juu ya hapo.

Palikuwa na njia moja. Upinde wa namna ile unaweza kupunguzwa nguvu kwa kuusugua kingo zake kwa msasa, kidogo kidogo, pande zote mbili sawasawa. Ukizidisha upande mmoja, unajipinda na hautengenezeki tena. Verna amewafanyia watu wengi kazi hiyo. Wa kwake alishindwa kuugusa. "Umelala chumbani kwangu miaka arobaini na mmoja," aliniambia. "Mume wangu alilala miaka thelathini tu." Akaufunga kwa blanketi, akaubeba hadi kona ya pinde za magurudumu, akauweka mbele ya Wendell.

"Nisugulie," alisema.

Wendell alibadilika rangi. "Mimi? Mama, mimi fundi baiskeli."

"Mwaka ule ulikwangua mishale sabini na mmoja hukuharibu hata mmoja. Nilikuwa naangalia."

Wendell aliifanya kazi hiyo kwa siku sita, wakati wa chakula cha mchana, redio imezimwa, mlango umefungwa. Alisugua mara tano huku, mara tano kule, akaupachika kwenye mizani ya ndoano, akasoma, akafuta jasho, akaanza tena. Arobaini na nne. Arobaini na tatu na nusu. Sisi wengine tulikula pasti zetu, vile vimkate vya nyama, kimya nje ya mlango kama watu wanaosubiri habari za wodi ya wazazi. Siku ya sita alifungua mlango, akasema, "Arobaini na nusu. Siugusi tena hata mkinifukuza kazi."

Alhamisi iliyopita, saa nne, tulitoka wote nyuma ya karakana. Mchungaji Lindgren alikuja pia, amezeeka sasa, na koti safi. Verna alivaa kinga yake ya ngozi mkononi, akaweka mshale, akavuta. Kwa upinde huu mkono hufika kwenye pembe ya mdomo, hapo ndipo unapolenga. Mkono wake ulisimama vidole viwili kabla. Akaurudisha taratibu. Akavuta tena, ukasimama palepale, na mshale ukaanza kutetemeka. Nilimwona Wendell anaangalia viatu vyake.

Verna akashusha upinde. "Nyie mnanivuta mabega kwa macho yenu," alisema. "Geukeni. Wote. Tazameni ukuta. Na wewe, mchungaji."

Tukageuka. Watu wazima kumi na mmoja, tumesimama tunatazama matofali. Mimi nilisali, sioni aibu kusema. Tulimsikia akivuta pumzi. Tukasikia *Isä meidän*, ile Baba Yetu yake ya Kifini, polepole. Halafu kimya kirefu, halafu ule mlio wa kamba mnaoujua, na tu! kwenye majani makavu.

Wendell akataka kugeuka. "Bado!" Verna akafoka. Tu! Kimya tena. Tu!

"Imefika wapi, mama?" Wendell akauliza ukuta.

"Njoo uone mwenyewe, fundi wa pinde."

Mishale mitatu ilikuwa imekaa pamoja, ungeweza kuifunika yote kwa kisahani cha kikombe. Wendell akaichomoa mmoja mmoja na kumrudishia kwa mikono miwili. Verna alikuwa anacheka na kulia, na bega, alisema, lilikuwa linauma vizuri.

Kwa hiyo mambo ni haya. Jumatatu tarehe 30, saa tisa alasiri, tutamuaga kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Msikawie, kwa sababu saa moja jioni anataka awe amelala. Kesho yake kabla ya mapambazuko atakuwa chini ya misonobari nyuma ya shamba la kina Haapala, juu ya ndoo yake. Atakayekaa kwenye meza ya kamba siku hiyo ni Wendell. Ameomba mwenyewe, na mchana wote wa leo Verna amesimama nyuma yake akimgonga vidole kila akikosea fundo. Amefundishika vizuri. Ila mhurumieni, leteni kamba zenu mapema safari hii.

Mama Verna, asante kwa miaka yote uliyokaa kwenye kiti kile ili sisi twende. Bwana akupe asubuhi tulivu, upepo usoni, na bega la kutosha kwa mshale mmoja. Akikuletea kulungu, amina. Asipokuletea, tutataka kusikia mawio yalikuwaje.

Nanyi mnaosoma, nijibuni kabla ya tarehe 20 kama mtakuja na mko wangapi, tupange viti. Msichelewe.

Wenu katika Bwana,
Ardith, kaunta ya mbele