Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Gundi, na Jibu kwa Babu Breki

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu Mama Gundi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kukarabati vitabu cha maktaba yetu. Chumba chenyewe kina dirisha moja, meza mbili, na harufu ambayo wageni huipigia chafya na sisi tunaiona ya nyumbani.

Alianza na kazi ya usafi. Siku moja akaokota kamusi iliyochanika mgongo, akaishona kwa uzi wa vifungo, na hadi leo inaazimwa. Akapewa meza. Ajali kazini zipo, tusidanganyane: aliwahi kugandisha mkono wa shati la meneja kwenye atlasi, meneja akaingia kikaoni na atlasi yake, wajumbe wakamsifu kwa kujiandaa.

Lakini mwaka huu ndio umetutia wazimu. Ililetwa riwaya nene ya familia moja, haina jalada, nyuzi zimekatika, panya wamekula pembe zote zenye namba za kurasa. Kuipanga lazima uisome, basi akatusomea kwa sauti kila mapumziko ya mchana. Balaa likaanza. Bibi wa familia anazikwa, ukigeuza ukurasa anamenya viazi. Mlinzi akaapa kwamba kurasa zimechanganyika. Mama Gundi akamwambia, mwanangu, makaburini kazikwa, kichwani mwa mjukuu wake bado yuko jikoni. Tukapiga kura. Viazi vikabaki palepale.

Kisha kuna binti wa huyo bibi, mjane. Mwanamume anayempenda anabisha hodi. Kati ya hodi ya kwanza na ya pili pana kurasa tisini, mama wa watu kasimama anawaza: harusi yake, homa ya mtoto, rangi ya kikombe. Dada wa mapokezi akauliza kama huyo mwanamume miguu haimuumi.

Asiyecheka alikuwa mmoja, Babu Breki, dereva wa gari la vitabu. Alifiwa na mke zamani, kama Mama Gundi alivyofiwa na mume, na tangu mwezi wa tatu alikuwa ameomba waoane. Akaambiwa asubiri riwaya iishe. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunasikiliza hadithi, mwenzetu anasikiliza hukumu.

Jumatatu iliyopita tukafika mwisho. Mjane kashika komeo, hodi ya pili inalia, kitabu kimekwisha. Hajafungua. Kelele tulizopiga hazifai maktaba. Mlinzi alipiga magoti kutafuta ukurasa mwingine kwenye shimo la panya. Babu Breki akachukua kofia yake, akaanza kuondoka taratibu.

Mama Gundi hata brashi hakuweka chini. "Mzee wangu, rudi ukae. Huyo ana kurasa tisini za kuwaza. Mimi nimeshawaza, nakutaka."

Babu Breki akakaa palepale alipokuwa, na hapakuwa na kiti.

Mama Gundi, asante kwa vitabu vyote, na kwa kutuchelewesha kurudi kaunta mchana baada ya mchana. Harusi ni Jumamosi, siku moja tu baada ya kustaafu, maana bibi harusi amesema kupumzika atapumzika akiwa na mtu. Mlinzi ameomba acheze mbele. Nendeni mkaishi vizuri, mzeeke polepole, na nyumba yenu isikose kicheko.