Jedwali la Tatu

MAGIGE: Maktaba ya chuo, Homa Bay. Nani mwenzangu?

DOLPHINE: Haloo? Ni Sista Dolphine, wa hospitali ya misheni huku Migori. Bwana Magige, habari ya kazi?

MAGIGE: Kazi ipo. Umeme ulirudi saa nne, kwa hiyo kompyuta imekubali—

DOLPHINE: Nina sarafu tatu tu za simu. Ile makala ya malale niliyokuomba, umeipata?

MAGIGE: Kwenye diski, ndiyo. Yaani, nimepata muhtasari wake. Aya moja.

DOLPHINE: Huo muhtasari unasemaje kuhusu kipimo cha dawa kwa mtoto? Kijitabu chetu kina cha watu wazima pekee.

MAGIGE: Unasema, "Vipimo vya watoto vimeonyeshwa katika jedwali la tatu."

DOLPHINE: Nisomee jedwali.

MAGIGE: Liko kwenye makala nzima.

DOLPHINE: Nayo iko wapi?

MAGIGE: London. Jarida hilo chuo kiliacha kulilipia mwaka wa tisini na moja. Makala ni ya tisini na tatu.

DOLPHINE: Awino ana miaka minane, Bwana Magige. Tangu Jumapili ni kulala tu. Dawa ninayo kabatini. Nikipunguza, ugonjwa utammaliza. Nikizidisha—

MAGIGE: Naelewa.

DOLPHINE: —nitammaliza mimi.

(Laini inakwaruza.)

MAGIGE: Bado upo? Hapa wanasema walichunguza wagonjwa sitini na wawili wa bonde la Lambwe.

DOLPHINE: Najua. Mimi ndiye niliyewapima uzito.

MAGIGE: Wewe?

DOLPHINE: Miezi saba. Nilisoma mizani, watafiti wakaandika, wakadunga sindano. Madaftari wakaondoka nayo.

MAGIGE: Hukumbuki hata mtoto mmoja alidungwa kiasi gani?

DOLPHINE: Kilo zao nazikumbuka. Sindano sikuonyeshwa. Aki, angalau wametutaja sisi wauguzi?

MAGIGE: Shukrani nazo huwekwa kwenye makala nzima.

DOLPHINE: (Anashusha pumzi.) Haya.

MAGIGE: Nitajaza fomu ya kuiomba Nairobi, nao waiombe Uingereza. Kwa kawaida huchukua wiki sita.

DOLPHINE: Wiki sita!

MAGIGE: Mambo yakienda vizuri.

DOLPHINE: Mama yake yuko hapa nje ya kibanda cha simu. Ananitazama mdomo.

MAGIGE: Usimwambie wiki sita.

DOLPHINE: Nimwambie nini, bwa—

(Sarafu ya mwisho inaanguka. Mlio.)

MAGIGE: Mwambie... Haloo? Sista?