Muhula Niliofundisha Bila Sauti

Mama mwenyekiti, akina mama wenzangu, na nyinyi wanaume wachache mliojibanza kule nyuma karibu na birika la chai, nawasalimu. Wa kanisani mmeitikia kwa namna yenu, dada zangu wa msikitini mmeitikia kwa namna yenu, na mimi nimezifurahia zote mbili. Zaidi ya yote nimefurahi kwa sababu mmenisikia. Sauti hii mnayoisikia, ndugu zangu, ilipotea. Leo nimepewa nafasi niwaeleze ilivyopotea na yaliyofuata, na mnivumilie, maana siku hizi nikianza kuongea, kunikatiza ni kazi.

Wengine hamnijui. Mimi ni mzaliwa wa Makongeni, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kazi yangu ni ualimu wa Kiswahili. Shule ya kibinafsi niliyokuwa nikifundisha ilifungwa, mwenye shule akarudi kwao, milango ikatiwa kufuli. Nilikaa nyumbani mpaka nikachoka kukaa. Nikaomba chumba kwenye ukumbi wa mtaa kule Jericho, nikaanzisha darasa la jioni la vijana wa rika la sekondari. Wapo waliotoka Eastleigh, watoto wa familia zilizokuja kutoka nchi jirani, waliohitaji Kiswahili ili waingie shule na wasipotee humo ndani. Wapo pia wa Jericho na Makongeni, waliozaliwa hapa hapa. Hao Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani, inawatiririka, lakini ukiwaambia waandike barua kwa Kiswahili wanaangalia dari.

Nyinyi mna vijana nyumbani, mnajua. Mtoto mdogo ukimwambia aimbe, ataimba. Huyu aliyeanza kuota ndevu ukimwambia aseme sentensi moja mbele ya wenzake, anakuangalia kama umemwambia avue shati. Darasani kwangu wa Eastleigh walikaa upande wa dirisha, wa mtaani wakakaa upande wa mlango. Wa dirishani akijaribu kusema Kiswahili chake cha kupangapanga, wa mlangoni wanacheka: "Huyu anaongea kama taarifa ya habari." Basi wa dirishani wakafunga midomo. Kulikuwa na binti mmoja, jina lake silitaji, ambaye neno pekee nililowahi kumsikia akisema ni "niko," nikiita majina. Nilidhani masomo yamemlemea.

Na mimi mwenzenu nikikuta kimya, nakijaza. Nilikuwa nikipanga kila somo pale mezani jikoni, naandika nitakachosema mwanzo, nitakachosema katikati, nitakachosema mwisho. Nje ya dirisha la darasa kulikuwa na mafundi wa kuchomelea mageti, na nyundo zao hazikujua kwamba kuna watu wanasoma, kwa hiyo nilisema kwa kupaza. Koo likaanza kukwaruza. Nikanywa tangawizi na ndimu, nikaendelea. Jirani akaniletea asali, nikailamba, nikaendelea. Jumatatu moja niliamka nimsalimie mzee wangu, na hakuna kilichotoka. Midomo ilienda, sauti haikuja.

Daktari alinimulika kooni kwa muda, akasema, "Mama, hapa sauti inapotokea pamevimba vibaya. Usiseme. Hata kunong'ona usinong'one. Ukikaidi, unaweza kuipoteza kabisa." Nikamwandikia kwenye simu: mpaka lini? Akasema mpaka atakaponiruhusu yeye.

Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa. Fundi akivunjika mkono watu wanaona bandeji, wanampa pole. Mwalimu wa lugha asiye na sauti watu wanamuuliza swali, anatabasamu tu, wanadhani anaringa. Mzee wangu alijaribu kunichekesha, akasema hiyo ndiyo likizo yake ya kwanza tangu tuoane, nikamrushia kitambaa cha vyombo. Lakini moyoni nilikuwa nimekauka. Kamati ya ukumbi ilikuwa imeshasema wazi kwamba chumba ni chetu mradi darasa linasomwa. Likisimama, kinapewa kikundi cha densi kilichokuwa kikikingojea kwa hamu. Na hakukuwa na chumba kingine ambamo wazazi wa Eastleigh na wa Makongeni, wote kwa pamoja, wangekubali kuwatuma mabinti zao jioni. Lile darasa likifungwa, limefungwa, na wale watoto wanarudi kukaa nyumbani. Nililia, na hata kulia nililia bila sauti, kwa sababu ya daktari.

Jioni ilipofika nikaenda. Sikuwa na mpango wowote. Nilienda tu ili mlango uonekane umefunguliwa.

Nikaandika ubaoni kwamba mwalimu anaumwa koo na hawezi kusema. Wa mlangoni walifurahi kama wametangaziwa sikukuu. Kijana mmoja mwenye maneno mengi, wa kwetu Makongeni, akawageukia wenzake: "Manze, ticha amezima. Wasee, tuishie." Yaani waondoke waende zao. Viti vikaanza kusukumwa. Nikapiga ubao kwa kiganja, nikaonyesha vidole viwili, nikaviunganisha, nikagusa mdomo, nikagusa sikio. Wakacheka. Nikarudia. Wakacheka zaidi. Nikachukua chaki niandike.

Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa dirisha, na sikuitambua ni ya nani.

"Mwalimu anasema tukae wawili wawili. Mmoja aseme, mwingine asikilize."

Alikuwa yule binti. Amesimama, ameshika ncha ya mtandio wake. Darasa zima likamgeukia, na yule kijana akamuuliza, safari hii bila kejeli, "We umejuaje?"

"Nimemwangalia uso," akasema. "Mamangu hajui Kiswahili. Hospitalini mimi ndiye namsemea. Kwa mwenye nyumba mimi ndiye namsemea. Mtu asiyeweza kusema unamwangalia macho, unajua anataka nini."

Akina mama wa Eastleigh, naona mnaitikia kwa vichwa. Mnawajua watoto hawa. Ndio midomo ya nyumba zao. Mchana anamweleza daktari mahali panapomuuma mamake, anarudi anamweleza mamake dawa ya kunywa kabla ya kula na ya kunywa baadaye, mambo mazito ya watu wazima, halafu jioni anakuja kwangu namwonyesha picha namwambia hiki ni kikombe. Nilipofikiria hayo pale mbele ya ubao, nilitaka kumkumbatia, na wakati huo huo nilitaka kucheka.

"Haya," yule kijana akasema, amesharudi kukaa. "Muulize ticha tunaongea story gani."

Nikanyoosha mikono, binti akaniangalia, akasema. Nikanyoosha tena, akasema tena. Akikosea natikisa kichwa, anajaribu tena, na darasa zima linabahatisha naye kama mchezo. Saa ya kwenda nyumbani ilifika hakuna aliyeiona.

Nyumbani nilichukua mipango yangu yote ya masomo, nikapita na penseli nikifuta kila mahali palipoandikwa "mwalimu anaeleza." Jamani, hakikubaki kitu. Ikabidi nianze upya, na nilianza kwa raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mwalimu mpya. Kwa kila somo nilijiuliza: ni nini ambacho huyu wa dirishani anakijua na yule wa mlangoni hakijui, au kinyume chake? Wa Eastleigh anajua kumimina anjera, ule mkate wao mwembamba wa uji uliochachuka, isishike kwenye kikaango. Wa Jericho anajua sheria zote za bano, zile gololi za kulenga chini, na anaweza kugombana nawe siku nzima kuhusu sheria hizo. Basi nikawakalisha mmoja wa dirishani na mmoja wa mlangoni, huyu amweleze mwenzake hatua kwa hatua mpaka mwenzake aweze kuwaeleza wengine. Wakikwama, wakinigeukia mimi, mimi sina sauti. Wanageukiana.

Tukaweka na utaratibu. Kila somo mmoja wao ni mdomo wa mwalimu, anasimama kando yangu na kusema ninachoonyesha. Kiganja juu, rudia. Mkono sikioni, hujaeleweka. Mtihani wa kweli ulikuja zamu ya yule kijana ilipofika. Nikaonyesha, akatangaza kwa madaha, "Wasee, ticha anasema mchapiane hiyo form ya weekend." Wa dirishani wakamtazama. Akarudia kwa nguvu zaidi. Wakaendelea kumtazama. Akakuna kichwa, akahema, akasema, "Ngoja. Anasema... msimuliane mlivyoshinda Jumamosi na Jumapili." Akaniangalia mwenyewe ameduwaa, hakujua kwamba maneno hayo alikuwa nayo. Nikampigia makofi, ndiyo kelele pekee niliyoruhusiwa.

Ndugu zangu, kelele za mle ndani baada ya hapo, siwezi kuwaeleza. Wachomeleaji wa nje walikuja dirishani kuuliza kama kuna vita.

Mwisho wa muhula kamati ya ukumbi ikaja kuona kama chumba kinatumika, na wazazi wakaja pia. Nilikuwa bado sijaruhusiwa kusema. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuamua kama tunabaki au tunatoka. Vijana walieleza, wakaulizana, wakabishana. Kila mmoja akageuka na kumfafanulia mzazi wake kwa lugha ya nyumbani, Kisomali huku, Kiluhya kule, Kioromo pale kona, na kurudi kwenye Kiswahili bila kujikwaa. Mzee mmoja wa kamati, mwenye uso wa kutochezewa, alinigeukia mimi.

"Mwalimu, mbona wewe husemi chochote? Hii kazi ni yako au ni yao?"

Nikatafuta namna ya kujibu kwa mikono. Binti akaniwahi.

"Mwalimu anasema, tuulizeni sisi."

Nawaapia, sikuwa nimeinua hata kidole. Mzee akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akacheka mpaka akatoa miwani. Wakawauliza vijana, vijana wakajibu, na wale watu wakaondoka wametupatia chumba kwa mwaka ujao. Wale wa kikundi cha densi tuliwaachia Jumapili, tusiwe wachoyo.

Sauti ilirudi taratibu, kwanza asubuhi tu, kisha mchana kidogo. Siku daktari aliponiruhusu niliingia darasani nikasema, "Hamjambo." Walinishangilia. Kisha yule kijana wa Makongeni akanivutia kiti: "Ticha, asante, tumekusikia. Sasa kaa, leo ni zamu ya Jericho." Nikakaa. Mpaka leo mipango yangu ya masomo naianza na watakachosema wao, langu naliandika mwisho kama nafasi imebaki.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari kwa ukali wake, jirani kwa asali, mzee wangu kwa kunisomea kwa sauti jumbe zote nilizomwandikia, hata zile za kumgombeza. Na chama hiki, mlionitembelea mkakaa nami bila kunilazimisha nijibu, nyinyi sitawasahau. Funzo langu ni dogo. Kama una darasa, au una mtoto mkubwa nyumbani ambaye hakuambii kitu, usiharakishe kukijaza kimya chake. Kaa nacho kidogo, hata kama kinakuuma. Mimi nililazimishwa na koo, wewe unaweza kuamua tu.

Nilikuwa na mengine, lakini nayaacha. Mama yake yule binti yuko hapa mbele, na nimeona amenyoosha mkono. Amekuwa kwenye darasa letu jipya la asubuhi, la Kiswahili cha akina mama, tangu muhula uliopita. Binti yake leo hayupo, yuko kule ukumbini na wenzake. Mama, simama. Hakuna wa kukusemea, na hakuna haja. Sisi tunakusikiliza.