Bi. Mwanakombo na Mashine Iliyoshindwa na Mninga

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Mwanakombo binti Sefu atakabidhi funguo za Idara ya Nakshi na kutoka katika lango la kiwanda chetu cha samani hapa Chang'ombe akiwa mstaafu. Amekitumikia kiwanda hiki miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa binti, akakikuta kiwanda kikiwa mali ya umma; anatoka kikiwa mali ya watu binafsi, naye akiwa bibi mwenye wajukuu. Katikati hapo mameneja wamepita, mashine zimepita, hata lango lenyewe limebadilishwa rangi mara kadhaa. Sauti yake tu ndiyo haikubadilika. Wageni wanaofika ofisini huuliza kuna ugomvi gani huko nyuma, nasi huwajibu kwamba hakuna ugomvi wowote, ni Bi. Mwanakombo, Mama Nusaiba wetu, anasalimiana na wenzake.

Ni Mzaramo wa Mbagala. Mwaka 1968 aliajiriwa kupiga msasa. Enzi hizo mwanamke kiwandani alipewa msasa, polishi au ufagio. Patasi ilikuwa ya wanaume. Mwanakombo alikuwa akila haraka saa ya mapumziko, kisha anaokota vipande vya mbao vilivyotupwa na kuchonga majani na maua kwa kisu cha jikoni alichokuja nacho kutoka kwao. Mzee Faraji, aliyekuwa mkuu wa wachongaji, alikiokota kipande kimoja, akakigeuzageuza, akauliza nani kakifanya. Wote wakamtazama binti, wakidhani leo kazi yake imeota mbawa.

"Kesho uje kwangu," Mzee Faraji alimwambia. "Na hicho kisu ukirudishe, mama yako anakitafuta."

Basi akaingia kwenye nakshi, na hakutoka tena. Mwaka 1990 Mzee Faraji alipofikia umri wa kustaafu, Mwanakombo ndiye aliyepewa idara, na mzee akabaki kwa mkataba, akichonga chini ya mwanafunzi wake. Wapo waliotabiri kwamba watakosana. Hawakukosana, isipokuwa mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo inayostahili kusimuliwa wakati kama huu.

Wafanyakazi wapya hawajui jinsi miaka ile ilivyokuwa. Biashara ilipofunguliwa, samani kutoka nje zilimiminika mjini. Kabati lilikuja limekunjwa ndani ya boksi, unalifunga mwenyewe nyumbani kwa bisibisi. Wateja wetu walituacha mmoja mmoja. Kiwanda kikabinafsishwa mwaka 1994, wenzetu wengi wakapunguzwa, na kila asubuhi mtu alikuwa akipita getini anamwangalia mlinzi usoni kuona kama bado anatambulika. Katikati ya mwaka 1996, Meneja akamwita Bi. Mwanakombo akamwambia ukweli bila kuuzungusha. Hoteli mpya iliyokuwa ikijengwa kando ya Barabara ya Bagamoyo ilitaka milango ya mninga yenye nakshi kwa vyumba vyake vyote, iwe tayari kabla ya Krismasi. Tukiweza, Idara ya Nakshi itabaki. Tukishindwa, milango itaagizwa nje na idara itafungwa.

Kwa mikono peke yake tusingeweza. Hilo halikuhitaji mjadala.

Hapa sasa anaingia Injinia Ansbert, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu kiwandani. Alipokuwa masomoni Ulaya alijiundia mashine ndogo ya kuchonga, kwa kujiburudisha tu, akarudi nayo nyumbani. Aliiweka kwenye kona ya ofisi yake na jioni alikuwa akiitengenezea watoto wake vijumba na wanyama wa mbao laini. Ilikuwa na meza ya kulazia ubao, na juu yake daraja la chuma lililobeba kisu. Mota tatu ndogo zilikisogeza kisu mbele, pembeni na chini, zikifuata amri ya kompyuta. Mota ya nne ndiyo iliyokizungusha kisu chenyewe, nayo haikuwa na nguvu kuliko ya mashine ya kusagia juisi. Kwa vile ilimwaga vinyweleo vya mbao kila ilipopita, sie tuliiita Kinyozi.

Bi. Mwanakombo aliingia ofisini mle akaitazama ikichonga twiga, akaondoka, kisha akarudi na kipande cha mninga.

"Injinia, jaribu hapa."

"Haiwezi, mama. Mninga ni mgumu, na mota ni ndogo."

"Mie nimesema jaribu, sijasema weza."

Ansbert akajaribu. Kisu kikagusa mninga, kikaguna, kikanuka moshi, kikasimama.

"Haya," akasema Bi. Mwanakombo, "sasa tuitafutie mota ya kiume."

Injinia aliipenda sana mashine ile. Aliijenga kwa kujinyima. Hata hivyo alikubali. Ila alionya jambo moja: mota kubwa ni nzito, na daraja lile halikujengwa kubeba uzito, tena mota yenye nguvu lakini inayozunguka polepole haifai kwa kisu chembamba. Bi. Mwanakombo, ambaye tangu tumjue hajawahi kupungukiwa na uhakika, hakuyatilia maanani. Alikuwa ameshaiona mota ya mashine kuukuu ya kunolea pale nyuma ya stoo ya malighafi ninayoitunza mie, akaifunga siku Injinia alipokuwa amekwenda bandarini. Waliokuwepo wanasimulia kwamba Kinyozi alianza kwa kishindo, akatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha daraja likalegea, likapinda, na kisu kikajichimbia kwenye meza. Ansbert aliporudi alisimama mlangoni. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Ule ndio wakati pekee ambao sauti ya Mama Nusaiba haikusikika hapa kiwandani. Jumapili yake alikwenda Ukonga, nyumbani kwa Injinia, amebeba kikapu cha vitumbua, akakaa kwenye kiti cha uani mbele ya mke na watoto wa mwenyeji wake.

"Baba, nimekosa mie," akasema. "Uliniambia, sikusikia. Nimekuvunjia kitu chako. Ukisema basi, itakuwa basi, wala sitakulaumu. Lakini wale watu wangu wana watoto kama hawa wako."

Ansbert ametuambia kwamba alikuwa amekusudia kukasirika mwezi mzima. Alikula kitumbua cha kwanza, akaenda kuleta kalamu, na kabla vitumbua havijaisha walikuwa wanachora daraja jipya.

Safari ya pili walifuata njia ya Injinia. Walinunua ruta kuukuu ya mkono, ile wanayotumia maseremala kuchimbia mifereji. Vishikio vyake vilikuwa vimevunjika, lakini mota nzima. Ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko ile ya juisi, ilizunguka kwa kasi ya ajabu, na uzito wake haukufika hata nusu ya ile ya kunolea. Wakaibeba hadi Tandika, kwa Gregori, fundi wa vyuma. Gregori ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wa Bi. Mwanakombo, na kazi haikuanza mpaka haki ya utani itimizwe.

"Wazaramo mmechoka kucheza ngoma, sasa mnataka kuchezesha vyuma?" akauliza Gregori.

"Na nyie babu zenu walibeba mizigo toka Tabora hadi pwani. Hebu nibebee na hili daraja, tena usilipinde."

Gregori akaunda daraja la mabomba mawili ya mraba, akaweka na kishikio cha alumini kilichoikumbatia mota pande zote. Alipomaliza alilipandia daraja kwa miguu yake miwili ili kuonyesha kwamba halilegei. Injinia alifumba macho.

Lakini walipoileta mashine ndani ya Idara ya Nakshi, wachongaji waliweka patasi chini. Mzee Faraji ndiye aliyezungumza, na hakupaza sauti.

"Mwanakombo, mwanangu, umetuletea mrithi sie tungali hai?"

Bi. Mwanakombo alisimama mbele ya mtu aliyemtoa kwenye msasa, na sote tuliona jinsi swali lilivyomwingia. "Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale," akajibu. "Hii haijui kuchonga. Inajua kuchimba tu. Siku ikijua kuchonga, nitaivunja mwenyewe."

Mzee akaketi juu ya benchi lake, akakunja mikono, akangoja aone.

Ubao wa mlango wa kwanza ukalazwa mezani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kanga ya Bi. Mwanakombo ili isile vumbi, na maandishi ya kanga hiyo, kwa bahati au kwa makusudi, yalisema VUMBI LAKO HALINIPATI. Injinia akawasha. Safari hii mota haikuguna; ilipiga mluzi. Kisu hakikulazimishwa kula kwa pupa, kilipita juujuu, kikarudi, kikazama kidogo zaidi, na mninga ukaanza kumwagika mwekundu sakafuni na kunukia idara nzima. Jani la kwanza likaonekana, kisha la pili, kisha ua. Meneja alikuwa amekuja kutazama. Mwenye hoteli naye alikuwa amealikwa, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo.

Nusu ya mlango ilipokwisha, umeme ukakatika, kama kawaida yake.

Mluzi ukafa. Kompyuta ikasahau ilikokuwa. Mwenye hoteli akatazama saa yake, Meneja akatazama viatu vyake, na Bi. Mwanakombo, tunayemjua kwa maneno, akabaki ameshika ukingo wa meza. Kisha benchi likalia. Mzee Faraji aliinuka na patasi yake, akasogea, akauinamia ubao, akaanza kuichonga ile nusu iliyobaki, jani kwa jani, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Wachongaji wengine wakaja wakamsaidia kupunguza mbao za pembeni. Mwenye hoteli akavuta kigoda akaketi. Hakuangalia saa tena.

Walipomaliza sehemu ambayo mzee alitaka kuionyesha, mama yule alipitisha kiganja juu ya mlango wote. Kwenye nusu ya mashine alisema, "Pamenyooka." Alipofika kwenye nusu ya mzee alirudisha kiganja mara ya pili. "Hapa pana uhai. Milango yote iwe hivi."

"Kwa mikono tupu hatutawahi, mama," Mzee Faraji akasema. Akaitazama mashine, akamtazama mwanafunzi wake. "Lakini huyu Kinyozi akitutolea hii mizigo ya kuchimba chini, uhai tutautia sie."

Bi. Mwanakombo aligeukia ukutani akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio, akisingizia vumbi.

Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa, na hivyo ndivyo inavyogawanywa mpaka leo: mashine huchimba, mikono humalizia. Milango ilipakiwa kwenye lori wiki moja kabla ya Krismasi. Haikuwa rahisi, visu vilivunjika, umeme ulitukimbia mara kwa mara, na Injinia alilazimika kuchomeka pini kwenye pembe za meza ili ubao ukiondolewa urudi mahali pake. Wenzetu wawili hawakuipenda kabisa mashine, wakaenda kufungua vibanda vyao Keko, na tunafurahi kwamba wanaendelea vizuri. Ila hakuna hata mmoja aliyefukuzwa, na idara haikufungwa. Leo ina mashine tatu, zote na madaraja ya Gregori, na nusu ya wachongaji wake ni wanawake, jambo ambalo mwaka 1968 lingechekesha watu. Mzee Faraji alipumzika kazi mwaka 1997, safari hii kwa kweli. Yupo Mbagala na mabega yake, yaliyokuwa yakimuuma kwa miaka ya patasi, yamepona, na kwenye sherehe ya Ijumaa ya kumuaga mwanafunzi wake tumemtengea kiti cha mbele.

Bi. Mwanakombo anahamia Bunju, alikonunua kiwanja na kumaliza nyumba ya vyumba vitatu. Umeme haujafika huko. Tulipomwonea huruma alitushangaa, akasema patasi haijawahi kungoja nguzo. Akina mama majirani zake wameshajiandikisha kufundishwa, na ameagiza kwamba yeyote atakayekwenda kumtembelea asiende na sukari, aende na vipande vya mninga.

Mama Nusaiba, ahsante kwa kazi, kwa kelele, kwa vitumbua, na kwa siku ile uliyokwenda Ukonga kusema umekosa wakati ungeweza kunyamaza. Sie tunaobaki tunakuombea njia nyeupe. Mungu akupe afya, akupe mikono isiyochoka, na akujalie wajukuu wasiochezea patasi zako, isipokuwa yule mmoja ambaye tayari anaokota vipande.

Benedicta, Stoo ya Malighafi, kwa niaba ya wafanyakazi wote