Mkono wa Kulia wa Mama Kahambu

Siku hizo za utawala wa wanajeshi, Kampala mtu alichunga ulimi wake kuliko mfuko wake, na ndiyo maana benchi la wanywaji watatu wa kahawa mtaani Kisugu lilipenda magonjwa. Ugonjwa hauna serikali; unaubishania mchana kutwa na unarudi kwako salama. Wiki hiyo walipata mmoja wa maana: mkono wa kulia wa Mbambu muuza kahawa, mama yake Kahambu, ulikuwa umelegea. Birika lilimshinda. Alimimina kwa kushoto, akampa mtu kikombe kwa kushoto, aibu tupu, na juzi askari mmoja alikikataa akaondoka amenuna. Maumivu yalipozidi aliweka kiganja cha mkono huo utosini, yakatulia kidogo. Lakini mwanamke aliyeshika kichwa, Kampala ya wakati ule! Wapita njia walisimama kumpa pole ya msiba. Mwenyewe alikuwa na hofu moja tu, kwamba kazi itamponyoka na Kahambu atalala njaa.

Wale watatu wa benchini walikuwa wakimtibu kwa mdomo.

— Ni baridi, alisema Emile, fundi wa redio kutoka Bukavu, ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu alisema hata bila betri. Unaosha vikombe na maji ya baridi kila siku. Baridi imeingia mufupa.

— Baridi gani na jua hii? Onen alimkatiza. Huyu alikuwa polisi, jina lake la kijiweni Likizo, maana hakuna aliyewahi kumwona kazini. Mimi nasema analalia mkono. Damu inapotea njia.

— Damu haipotei, bwana. Sasa alisema Mushagalusa, aliyewahi kufagia wodi mwaka mzima akatoka na jina la Daktari. Mkono ya kushoto imeona wivu. Ya kulia ndiyo inasalimia watu, ndiyo inakula. Basi kushoto imevuta nguvu yote usiku.

— Kwa nini usiku? Likizo aliuliza.

— Sasa ivute mchana, watu wanaona?

Mbambu hakutaka kucheka, lakini alicheka.

— Nyinyi wote hamujui kitu! Redio alisimama kabisa. Mkono ya muuza kahawa kazi yake ni kukoroga sukari. Sasa, toka mwaka jana, sukari iko wapi? Mkono imekaa bure, imesahau…

Benchi zima likageuka kutazama barabara. Hakukuwa na mtu. Redio akakaa polepole.

— Sikusema sukari. Nilisema mkono.

— Hata sisi tulisikia mkono, Likizo alimhakikishia.

Ndipo akaja Anena, mke wa askari aliyehamia jirani, kununua kahawa kwa mara ya kwanza. Akamkuta Mbambu ameshika kichwa.

— Pole, mama. Nani amekufa?

— Hakuna, mwanangu. Ni mkono tu.

— Na hospitali walisema nini?

Wiki nzima hakuna aliyemuuliza hilo.

— Nilikwenda jana, alisema Mbambu. Mkono haina kosa. Mushipa ya fahamu imebanwa hapa, kwa shingo. Wanasema itapona polepole, lakini nisiweke tena muzigo kwa kichwa.

— Si nilisema! Daktari alidakia. Mshipa!

— Ulisema wivu, Likizo alimkumbusha.

— Wivu ya mshipa!

Anena alilitazama debe la maji kando ya jiko, kisha akawatazama wanaume watatu wenye mabega mapana.

— Sasa maji ya kesho, nani atabeba?

Likizo akaanza kufunga upya kamba za viatu. Daktari akachungulia kikombe chake, ingawa kilikuwa kitupu. Mbambu aliwaangalia mmoja mmoja na moyo wake ukafurahi, kwa kuwa hakuwahi kuliona benchi hilo limekosa maneno. Hakuwasaidia.

Mwishowe Redio alikohoa.

— Mama Kahambu, mwanaume akibeba debe, watu wa kisimani watacheka?

— Watacheka sana, alisema Mbambu. Wahi kabla ya jua, foleni inakuwa fupi.