Bawa Jeupe na Bawa la Waridi: Maisha ya Mwalimu Erasmo Valentini Mchopa

Baba Paroko, masista, ndugu mliotoka Nyangamara kwa lori tangu jana mchana, majirani zetu wa Mitwero, walimu wenzake, na nyinyi watani ambao mmetuzibia njia mara mbili mkidai marehemu aamke kwanza amalize kusahihisha madaftari, familia inawaomba utulivu kidogo tusome habari za aliyelala hapa mbele yetu, Mwalimu Erasmo Valentini Mchopa, na mkisikia ndege zimezidi katika historia hii kuliko katika historia za walimu wengine, msidhani imekosewa, ndivyo alivyoishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1946 katika kijiji cha Nyangamara, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Valentini Mchopa na Mama Anjelina, ambao wote wametangulia mbele ya haki, wakulima wa mihogo, ufuta na korosho. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kuvunja, kwani kila kilichoingia mkononi mwake alikifungua aone ndani mna nini, na baba yake alimchapa kwa kosa hilo miaka mingi mpaka aliyechoka akawa baba, si mtoto.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyangamara kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, akaendelea na shule ya kati huko Masasi mwaka 1958 hadi 1961, akarudi nyumbani kulima na kujifunza useremala kwa mjomba wake kwa miaka miwili, kisha akachaguliwa kwenda kusomea ualimu mjini Mtwara, alikohitimu mwezi Novemba 1965, akiwa wa kwanza katika kazi za mikono na, ukweli usemwe hata mbele ya jeneza, wa mwisho katika kuimba.

Alianza kazi Januari 1966 huko Liwale, akahamishiwa Kilwa Masoko Julai 1971, na Januari 1979 akahamishiwa hapa Lindi, katika shule ya msingi ambayo hakuiacha tena mpaka Mungu alipomwita, akifundisha hisabati asubuhi na ufundi mchana, katika kile chumba cha mwisho chenye mlango wa bluu ambacho wengi wenu mliokaa hapa mlijikata vidole ndani yake.

Tarehe 23 Septemba 1972 alifunga ndoa takatifu kanisani Nyangamara na Bibi Stefania, fundi cherehani, mwanamke ambaye alimwona kwa mara ya kwanza akibishana na mteja juu ya nguo iliyokatwa kinyume cha uelekeo wa nyuzi, na Mwalimu alisema mwenyewe kwamba alisimama kusikiliza ugomvi akaondoka na mchumba. Mungu aliwajalia watoto watatu, Devota aliyezaliwa mwaka 1976, Alex aliyezaliwa mwaka 1979, na Anjelina, aliyepewa jina la bibi yake, aliyezaliwa mwaka 1984, na wote watatu wapo hapa.

Sasa tuzungumzie ndege. Mwezi Mei 1973, kule Kilwa Masoko, ilitua ndege ndogo iliyochanika bawa, na bawa lenyewe halikuwa la bati kama watu walivyodhani, lilikuwa la kitambaa kilichowambwa juu ya mbavu za mbao kama ngozi ya ngoma na kupakwa dawa, na ile ndege ilikaa siku tatu ikisubiri kiraka, na siku zote tatu Mwalimu Erasmo aliwaacha wanafunzi wake wajisomee kimya, akaenda kusimama pembeni mwa fundi aliyekuwa akiliziba. Mwalimu mkuu alimwandikia barua ya onyo, naye aliihifadhi barua hiyo maisha yake yote ndani ya Biblia, akisema ndicho cheti chake cha urubani.

Tangu hapo alianza kuunda ndege ndogo, urefu wa mkono wa mtu mzima, mbavu zake vijiti vya mianzi vilivyochongwa vikawa vyembamba kama njiti, pangaboi lake mti wa msufi kwa kuwa ni mwepesi, na nguvu yake utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, unausokota mpaka ukaze, ukiuachia pangaboi linazunguka. Tatizo lilikuwa bawa. Miaka ile ya shida, ambayo hata sabuni tuliipangia foleni, alifunika mabawa kwa magazeti na kurasa za madaftari, na ndege zikawa nzito, zinaruka hatua kumi na kuangukia pua, na watani mnakumbuka jina mlilompa wakati huo, hatutalitaja kanisani.

Biashara ilipofunguliwa, kuanzia mwaka 1986 na 1987, maduka ya Lindi yakaanza kujaa, na wakati wengine walifurahia redio na khanga mpya, Mwalimu Erasmo alifurahia takataka zake. Jirani yetu Bi Kidawa binti Abilahi alianza kuuza viatu, na ndani ya kila boksi la viatu mlikuwa na karatasi laini, nyepesi, unaipuliza inapaa yenyewe, na Mwalimu akamwomba asiitupe hata moja. Aliiwamba kwenye mbavu, akainyunyizia maji ikajikaza vizuri, akashangilia siku moja, lakini hewa yetu hii ya pwani mnaijua, asubuhi karatasi imelegea na mchana imekaza mpaka inapasua mbavu, na mvua ya rasharasha ikipita huna ndege tena.

Jibu alilipata kwenye shati. Mwaka 1989 Bibi Stefania alipelekewa mashati mapya ayapunguze mikono, kila moja limefunikwa nailoni nyembamba inayong'aa, na Mwalimu akaona kwamba nailoni ile haijali unyevu wala mvua, ikipata joto la pasi hujivuta ikakaza, ila yenyewe peke yake ni laini, bawa linajipinda angani. Basi akafikia uamuzi uliomfanya aonekane mwendawazimu, kwamba bawa livikwe mara mbili, nailoni ndani na karatasi juu, nailoni izuie maji na karatasi ilete ugumu. Mara ya kwanza aliipiga pasi ya mkaa kama anapiga suruali yake ya Jumapili, nailoni ikayeyuka na ndege ikashika moto, na ni Bibi Stefania aliyemfundisha kutandika kitambaa katikati ya pasi na nailoni, kuilaza karatasi nyuzi zake zikielekea urefu wa bawa, na kufunika juu na chini kwa pamoja ili bawa lisipinde, na ni yeye pia aliyegundua kwamba nailoni ikisuguliwa kwanza kwa majivu, gundi inashika. Marehemu hakuwahi kudai kwamba aliyabuni peke yake, na familia inataka jambo hilo lijulikane.

Mwaka 1993 ulileta mtihani. Shule zilikuwa zinatafuta njia ya kujiendesha, na kamati ya shule ikapata mfanyabiashara aliyetaka kukodi kile chumba cha ufundi kiwe ghala la saruji, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Abdulrahmani Shaaban, ambaye tunamwona pale mbele na ametupa ruhusa ya kumtaja, aliuliza kikaoni kama nchi iliyofungua milango ya biashara ina haja kweli na ndege zisizobeba hata debe la mkaa. Mwalimu Erasmo hakuwa mtu wa kugomba, lakini siku ile alisimama akaomba jambo moja tu, kwamba kama ndege iliyoundwa ndani ya chumba hicho itakaa hewani dakika moja nzima mbele ya watu, siku ya maonyesho ya kazi za mikono, chumba kibaki darasa, na ikianguka kabla ya dakika, yeye mwenyewe atabeba mfuko wa kwanza wa saruji kuuingiza. Mzee Abdulrahmani alikubali, kwa kuwa hakuna ndege ya Mwalimu iliyowahi kufikisha nusu dakika.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, uwanja wa mpira, Lindi mjini. Alfajiri ya siku hiyo, marehemu alipokwenda kuichukua ndege juu ya kabati la vyombo, alikuta bawa la kushoto halina karatasi. Mende walikuwa wameila yote. Gundi ya mbao ilikuwa adimu nyumbani, ameitumia kwenye viungo, na karatasi akaibandika kwa uji wa muhogo, uji uleule tuliobandikia madaftari sote utotoni, na mtu wa Nyangamara aliyekulia kwenye mihogo hakukumbuka kwamba mende nao wanaupenda muhogo. Alikaa chini sakafuni na bawa mapajani, na watoto wake wanasema hiyo ndiyo mara pekee waliyomwona baba yao analia.

Bibi Stefania alimwambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akachukua bawa akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, na hapo wote wakaona kwamba mende wamekula karatasi na uji, lakini nailoni hawakuigusa, iko pale pale, imekaza, haina hata tundu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya karatasi tu. Anjelina akatumwa kwa Bi Kidawa, ambaye alitoka akiwa bado na mkeka wa swala mkononi, akafungua maboksi yote ya mzigo mpya uliokuwa umeingia jana yake, akasema viatu havitakufa kwa baridi vikikosa karatasi, na karatasi za mzigo ule zilikuwa za rangi ya waridi. Mume akasugua majivu, mke akalaza karatasi, jirani akazimua gundi ya mbao aliyokwenda kuiazima kwa seremala, na kufikia saa tatu ndege ilikuwa na bawa moja jeupe na jingine la waridi, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuona haya.

Kupima muda alipewa Mwalimu Abdala, refa wa mpira, kwa saa yake ya mkononi ya kusimamisha, na marehemu akamkabidhi Bibi Stefania ndege airushe. Lile bawa la waridi lilikuwa zito kidogo kwa gundi mbichi, na badala ya ndege kwenda moja kwa moja mpaka baharini, ikawa inakata kona polepole upande wa kushoto, inazunguka uwanja, na kila ikizunguka joto la mchanga wa mchana linaisukuma juu, ikapita magoli, ikapita minazi, utepe wa mpira ukaisha kusokotoka na pangaboi likasimama, nayo bado inaelea. Nusu dakika ilipita watu wakinong'ona, dakika ilipita uwanja mzima ukiwa umesimama, na Mzee Abdulrahmani akavua viatu akaikimbilia na pindo la kanzu yake mkononi, asije akaikosa itakapotua. Ilikaa hewani dakika moja na sekunde arobaini na saba. Tumeambiwa kwamba mwenyekiti ndiye aliyeiokota, ndiye aliyeibeba hadi shuleni, na ndiye aliyetangaza getini kwamba mwenye saruji atafute pengine.

Baada ya siku hiyo marehemu aliishi miaka mitano ya furaha kubwa. Walimu walikuja kujifunza kwake kutoka Kilwa, mmoja akitoka Songo Mnara akivuka maji na mbavu za mianzi kwapani, na wanafunzi wake leo ni maseremala, mafundi wa redio na mafundi wa magari, na wawili wanatengeneza ndege za kweli mjini Dar es Salaam, nao wapo hapa leo. Aliwaambia wote maneno yale yale, kwamba kitu chema kivikwe mara mbili.

Novemba 1996 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, ambao baadaye uliathiri figo, akatibiwa hapa Lindi, na mara mbili alipelekwa Dar es Salaam, akarudi akiwa amepungua mwili lakini si maneno. Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa tena katika hospitali ya mkoa, na Jumatatu tarehe 7 Septemba binti yake Devota, aliyehitimu ualimu mwezi Mei, alimsomea kitandani barua ya kupangiwa kazi, kwamba anakwenda kufundisha ufundi katika chumba kile kile. Hakuuliza mshahara. Aliuliza wamejiandikisha watoto wangapi, akaambiwa arobaini na mmoja, akahesabu kidogo kwa vidole, akasema chumba kinatosha thelathini na watano, basi lile kabati kubwa la ukutani litolewe. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri, na Alhamisi tarehe 10 Septemba 1998, saa kumi na moja alfajiri, Mwalimu Erasmo aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili na miezi saba kasoro siku moja, na hiyo siku moja ameitaka itajwe mwalimu mwenzake wa hisabati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana kwa upole, Baba Paroko aliyemletea sakramenti, Bi Kidawa na majirani wote wa Mitwero, Waislamu kwa Wakristo, mliopika, mliochota maji na mliolala na sisi matangani, walimu wenzake na kamati ya shule, watani kwa kutuchekesha tuliposhindwa kulia zaidi, na kila mmoja ambaye jina lake halikutajwa lakini mkono wake tuliuona.

Mwalimu, kabati limetolewa jana saa kumi jioni, wanaume sita tulilibeba, akiwemo mwenyekiti. Jumatatu watoto watakaa wote arobaini na mmoja. Kwa hiyo lala, Mwalimu wetu, pumzika kwa amani.